Juu, Ndani na Kati: Mbinguni na Amani ya Moyo katika Historia ya Ukristo wa Arua na Koboko

Utangulizi

Kila mwaka katika somo la sarufi hufika wiki ya ngeli ya mahali. Huwafundisha wanafunzi wetu kwamba kiambishi tamati -ni hugeuza nomino kuwa mahali, kisha upatanisho huonyesha mahali hapo ni pa namna gani: pa- kwa mahali mahususi, ku- kwa mahali pasipo dhahiri au pa mbali, mu- kwa undani. Mifano huwa ni ileile ya siku zote: mezani pana vitabu, shambani kuna mahindi, chumbani mna watu. Mwaka mmoja mwanafunzi kutoka Koboko alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbinguni ni kuna au mna? Na amani ya moyo inakaa wapi?" Darasa lilicheka, nasi pia tulicheka. Tukamjibu kisarufi: mbinguni kuna, moyoni mna. Tukaendelea na somo.

Hata hivyo, baada ya kipindi tulitambua kwamba swali lile halikuwa la mzaha. Wanafunzi wetu wengi wametoka katika familia zilizokimbia vita, zikazika jamaa zao ugenini, zikarudi na kuanza upya. Katika kila msiba husikia mahubiri juu ya mbinguni na juu ya amani ya moyo, na mara nyingi mambo hayo mawili husemwa kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Wakristo wa Arua na Koboko hawakuyaelewa hivyo nyakati zote. Tunadai kwamba historia yao inaweza kugawanywa katika hatua tatu, na kila hatua ina neno lake la mahali: juu, ndani, na kati.

Mbingu kabla ya Wamisionari

Eneo la West Nile liliingizwa katika mipaka ya Uganda mwaka 1914. Kabla ya hapo lilikuwa sehemu ya eneo la Lado, lililokodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894, likarudi chini ya Sudan mwaka 1910 baada ya kifo chake. Kwa hiyo katika umri wa mtu mmoja wakazi walipitia mikono ya watawala watatu. Jambo hili si dogo tunapozungumzia amani.

John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi na Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kuhusu dini yao mwaka 1960, anaeleza kwamba Walugbara walimjua Mungu kwa sura mbili. Kulikuwa na Adroa wa juu angani, muumba wa watu, ambaye ni mwema lakini yuko mbali. Kulikuwa pia na Adro wa chini, anayekaa mitoni na vichakani, ambaye yuko karibu lakini anaogopwa. Mtu akifa, roho yake, orindi, ilikwenda juu kwa Mungu. Lakini haikuishia huko. Baada ya muda, kwa msaada wa mpiga ramli, marehemu alirudishwa katika uhusiano na watu wa nyumbani, akajengewa mahali pake pa kupewa sadaka, akawa mmoja wa mababu wanaoangalia mwenendo wa ukoo.

Kwa Wakakwa wa Koboko, ambao lugha yao ni ya kundi la Kibari, hali haikuwa tofauti sana. Kibari kina Ngun wa juu na Ngun wa ardhini. Hivyo jamii zote mbili zilikuwa na anga, zilikuwa na Mungu wa anga, na zilikuwa na wafu. Kitu ambacho hazikuwa nacho ni anga kama makao ya kudumu ya wafu wema. Mfu mwema hakubaki juu, bali alirudi nyumbani. Utulivu wa mtu nao haukutafutwa peke yake ndani ya kifua. Mtu alikuwa na utulivu pale ambapo wazee wake, ndugu zake na mababu zake hawakuwa na neno naye.

Tusisahau pia maji ya Yakan. Nabii Rembe, Mkakwa, aligawa maji ambayo wanywaji waliamini yangewakinga na risasi na kuwarudishia mababu zao waliokufa. Rembe alinyongwa huko Yei mwaka 1917, na mwaka 1919 wafuasi wa Yakan walipambana na serikali ya kikoloni huko Udupi. Msomaji wa historia ya Tanzania atakumbuka mara moja vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Jambo linalotuhusu hapa ni matumaini yaliyokuwa ndani ya maji yale. Watu hawakuahidiwa kwenda kwa wafu wao. Waliahidiwa kwamba wafu wao watakuja kwao. Hii ilikuwa mbingu inayoshuka.

Juu: Mbinguni kwa Wamisionari

Wamisionari walifika katika miaka hiyohiyo. Mapadri wa Verona, ambao leo tunawaita Wakomboni, walifungua misheni Moyo mwaka 1917 na baadaye wakaenea Arua. Mwaka 1918 wamisionari wa Africa Inland Mission, akiwemo A. E. Vollor, walifika Arua na kuweka kituo Mvara. Kazi yao ilifanyika ndani ya Kanisa la Kianglikana la Uganda, na mwaka 2018 Waanglikana wa West Nile waliadhimisha miaka 100 tangu kufika huko.

Ujumbe wao juu ya mbinguni ulifanana katika jambo moja: safari ni ya kwenda juu, na haina kurudi. Mfu hashuki tena kuja kula sadaka nyumbani. Sehemu za kuwapa mababu sadaka zikakatazwa. Mbinguni kukawa mwisho wa safari, mahali pa kumwona Mungu, na maisha ya hapa yakawa maandalizi.

Walitofautiana, hata hivyo, juu ya njia. Wakatoliki walifuata mafundisho ambayo Papa Benedikto XII aliyatangaza mwaka 1336, kwamba roho iliyo safi humwona Mungu hata kabla ya siku ya mwisho, na ile ambayo bado haijatakata husafishwa kwanza toharani. Kwa hiyo walio hai wanaweza kuwaombea wafu na kuwatolea misa. Waprotestanti walikataa toharani, na wengi wao hawakuwaombea wafu. Mtu akishafariki mambo yake yamekwisha kati yake na Mungu. Katika ukoo mmoja, ndugu aliyesoma Mvara na ndugu aliyesoma kwa mapadri wangeweza kusimama kando ya kaburi moja, mmoja akimwombea baba yao na mwingine akinyamaza. Bila shaka aliyeombea alikuwa karibu zaidi na desturi ya zamani, kwa kuwa kwake uhusiano na marehemu haukukatika.

Hapa lugha yetu inaingia katika historia. Walipotafsiri maandiko kwa Kilugbara, watafsiri hawakubaki na Adroa peke yake. Neno Mungu, ambalo sisi walimu wa Kiswahili tunalijua kuwa ni la Kibantu, likaingia katika Biblia ya Kilugbara na sala za kanisani. Padri Dalfovo, Mkomboni aliyefundisha falsafa Makerere, ameandika kwa kina juu ya majina ya Mungu kwa Walugbara. Tunavyoona sisi, neno geni lilikuwa na faida na hasara. Faida ni kwamba halikubeba ile sura ya pili, Adro wa mtoni anayetisha. Hasara ni kwamba pamoja na hofu hiyo ulipotea pia ukaribu. Mungu wa neno jipya alikuwa wa juu tu.

Vilevile ni vyema kukumbuka kwamba Kiswahili chenyewe kina maneno zaidi ya moja. Mbingu ni wingi wa uwingu, neno lenye mzizi mmoja na wingu. Linatazama juu. Peponi ni neno linalopendwa zaidi na Waislamu, lakini Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inalitumia katika Luka 23:43, pale Yesu anapozungumza na mhalifu msalabani. Paradiso na firdausi ni ndugu: yote mawili yanatokana na neno la Kiajemi la kale lenye maana ya bustani iliyozungushiwa ukuta, moja likipitia Kigiriki na jingine Kiarabu. Katika mji kama Koboko, ambako Wakristo na Waislamu huzikana, maneno haya hukutana katika matanga yaleyale. Mkristo husema marehemu ameitwa mbinguni, jirani Mwislamu humwombea pepo, na wote huitikia amina.

Ndani: Uamsho

Hatua ya pili ilianza na Uamsho wa Afrika Mashariki, maarufu kwa jina la Balokole, yaani waliookoka. Uamsho huo ulipata nguvu Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, baada ya urafiki wa Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza, walioomba pamoja Kampala mwaka 1929. Ulifika West Nile mwishoni mwa miaka ya 1940, na kwa upande wa Arua uliacha kundi lililojulikana kwa jina la Chosen Evangelical Revival.

Waliookoka hawakukana mbinguni kwa juu. Walichobadilisha ni swali. Badala ya kuuliza mtu atakwenda wapi akifa, waliuliza ana nini moyoni sasa hivi. Mkristo aliyebatizwa, anayekwenda kanisani kila Jumapili, anaweza kuwa hana amani kwa sababu ameficha dhambi. Dawa yake ni kuungama hadharani, kusamehewa, na kutembea nuruni. Mtu wa namna hiyo huanza kuonja mbinguni kabla ya kufa. Kwa lugha ya somo letu la sarufi, mbinguni kulihama kutoka ku- kwenda mu-.

Mafundisho haya yana mizizi mirefu katika Ukristo wa dunia. Agostino wa Hippo, aliyeishi Afrika ya Kaskazini kutoka mwaka 354 hadi 430, alifundisha kwamba moyo wa binadamu hautulii mpaka umfikie Mungu. Hata hivyo Agostino huyohuyo, baada ya mji wa Roma kutekwa mwaka 410, aliandika kitabu kirefu juu ya mji wa Mungu, na humo akaieleza amani kuwa ni utulivu unaotokana na mpangilio mwema wa mambo: mwili, nafsi, nyumba, mji. Kwake, amani ya ndani na amani ya nje ni ngazi za jengo moja. Wahubiri wengi wa uamsho walishika ngazi ya kwanza kwa nguvu sana. Ngazi nyingine zilisubiri.

Ni haki kusema kwamba uamsho uliwapa watu kitu cha thamani. Mtu wa kawaida, asiye na cheo wala elimu, alisimama mbele ya kanisa akasema kwa sauti yake mwenyewe yaliyo moyoni mwake. Mwanamke alisimama. Kijana alisimama. Lakini ni haki pia kusema kwamba palikuwa na mafarakano. Aliyejiona ameokoka alimhukumu ambaye hajaokoka, na baadhi ya waliookoka walivutana na viongozi wa kanisa lao wenyewe. Amani iliyokuwa ndani ya mmoja haikuwa lazima iwe amani kati ya wawili.

Mtihani: 1977 hadi Miaka ya 1980

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Aliyechukua nafasi yake ni Silvanus Wani, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Madi na West Nile tangu 1969. Wani alikuwa Mkakwa, kama Amin, na aliwahi kuwa kasisi wa jeshi. Aliongoza kanisa mpaka mwaka 1983, yaani katika miaka ya mwisho ya Amin na katika miaka ambayo watu wa nyumbani kwake walilipishwa makosa ya Amin.

Vita vya Kagera vilikwisha Juni 1979, majeshi ya Tanzania yalipofika mpaka wa Sudan. Mwaka uliofuata waasi waliingia kutoka Sudan na Zaire, na jeshi jipya la Uganda, UNLA, likalipiza kisasi kwa raia. Maelfu kwa maelfu walivuka mipaka kwenda Sudan na Zaire. Barbara Harrell-Bond, aliyefanya utafiti kati ya wakimbizi wa Uganda katika wilaya ya Yei mwanzoni mwa miaka ya 1980, alichapisha mwaka 1986 kitabu kinachoeleza mateso yao na kasoro za misaada waliyopewa.

Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Wakomboni huko Ombaci, kilomita chache kutoka mji wa Arua, walishambuliwa na askari wa UNLA. Hesabu zinazotajwa za waliouawa hukaribia watu 100. Walikuwa wamekimbilia mahali palipoitwa nyumba ya Mungu. Kama kuna siku ambayo mafundisho yote mawili, ya juu na ya ndani, yalipimwa katika West Nile, ni siku ile. Kumwambia mjane wa Ombaci kwamba mumewe yuko mbinguni ni kusema kweli ya imani. Kumwambia awe na amani moyoni bila kumwuliza kilichotokea ni kumnyamazisha.

Katika misheni hiyohiyo ya Ombaci alifariki Padri Bernardo Sartori, Mkomboni aliyefika Uganda mwaka 1934 na kujenga kanisa la Lodonga, lililopewa hadhi ya basilika mwaka 1961. Alikutwa amefariki mbele ya tabenakulo, mahali alipokuwa akisali, asubuhi ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1983. Waumini wengi huona kifo hicho kuwa picha ya amani ya moyo iliyokamilika. Sisi tunaona vifo hivi viwili vya Ombaci, cha umati na cha padri mmoja, kuwa lazima visimuliwe pamoja. Cha pili bila cha kwanza hutufariji upesi mno. Cha kwanza bila cha pili hutuacha bila tumaini.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Katika miaka ile, wazee wengi wa Uganda walikisikia Kiswahili kutoka kinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani. Lugha iliyolipa kanisa neno Mungu ndiyo iliyotumika kuwaamuru watu walale chini. Tunapoingia darasani na kuandika neno amani ubaoni, tusishangae mzee akituuliza tulilitoa wapi.

Kati: Amani kati ya Watu

Hatua ya tatu haikuanza kwa mahubiri bali kwa kurudi. Watu walirudi kutoka uhamishoni kuanzia katikati ya miaka ya 1980, wakakuta nyumba zimekuwa magofu. Katika miaka ya 1990 vita vya West Nile Bank Front na UNRF II viliwagawa tena, vijana wengine wakiwa msituni na wazazi wao kanisani au msikitini. Tarehe 24 Desemba 2002, mkesha wa Krismasi, serikali na UNRF II walitia saini mkataba wa amani huko Yumbe. Yumbe ni eneo lenye Waislamu wengi, nako Lodonga ndiko iliko ile basilika. Amani hii haikuwa ya kundi moja la waumini.

Methali yetu husema amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Mkataba wa Yumbe unatupa sababu ya kuijadili methali hiyo na wanafunzi badala ya kuwakaririsha tu. Katika West Nile upanga ulikuja mara nyingi, na amani haikuja nao. Ilikuja watu walipoketi.

Tangu hapo mafundisho ya Kikristo tunayoyasikia Arua na Koboko yamezidi kuegemea upande huu. Ombaci huadhimishwa kila mwaka, na wafu hutajwa. Wakimbizi wa Sudan Kusini waliofika kwa wingi, hasa tangu Bidi Bidi ilipofunguliwa Yumbe mwaka 2016, na wakimbizi wa Kongo walioko Lobule katika wilaya ya Koboko, wamepokewa na watu ambao wao wenyewe waliwahi kupokewa Sudan na Kongo. Mkristo wa Koboko anayempa mkimbizi sehemu ya kulima hasemi kwamba anajenga mbinguni. Lakini tukimwuliza kwa nini anatoa, hutuambia kwamba hana raha akimwona mwenzake akilala nje.

Linalovutia ni kwamba mvutano huu umo ndani ya Biblia yenyewe. Katika Luka 17:21 Yesu anasema ufalme wa Mungu uko wapi, na neno la Kigiriki alilotumia mwinjili laweza kufasiriwa kwa namna mbili. Union Version ilichagua ndani, tafsiri ya Habari Njema ikachagua kati. Ni kihusishi kimoja tu, lakini kinabeba theolojia nzima. Aliyesoma ndani hutafuta ufalme moyoni mwake. Aliyesoma kati huutafuta kati yake na jirani.

Aidha, lugha za Kisemiti zinaunga mkono upana huu. Shalom ya Kiebrania na salaam ya Kiarabu zina mzizi mmoja, na kutoka Kiarabu sisi tumepata salama na salimu. Maana ya msingi ni ukamilifu, kutopungukiwa. Ndiyo maana Mswahili akiulizwa habari za nyumbani hajibu kuhusu moyo wake. Husema salama, na hapo amekwisha kuwataja watoto, mifugo, majirani na mvua.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Wakristo wa Arua na Koboko walipokea kwanza mbinguni iliyo juu, wakaongezewa amani iliyo ndani, na kwa gharama kubwa wakajifunza amani iliyo kati. Hatua hizi hazikufutana. Katika msiba mmoja leo mtasikia zote tatu: wimbo wa kwenda juu, ushuhuda wa aliyeokoka, na mzee anayesimama kuuliza iwapo marehemu ana deni au ugomvi na mtu yeyote ili mambo yamalizwe kabla ya jeneza kushushwa. Huyo mzee wa mwisho anafanya kazi ambayo babu yake angeitambua.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, tusifundishe maneno kama mbinguni, peponi, raha, utulivu na amani kana kwamba ni visawe tu; kila moja lina safari yake. Pili, tuwape wanafunzi nafasi ya kukusanya maneno ya misiba na ya upatanisho kwa Kilugbara, Kikakwa na Kinubi na kuyalinganisha na ya Kiswahili, wakati wazee wanaoyajua wangali hai.

Mwanafunzi yule wa Koboko bado tunamdai jibu. Tulimwambia mbinguni kuna, moyoni mna, na kisarufi hatukukosea. Tukikutana naye tena tutamwongezea ubao wa tatu: kati yetu pana. Pa- ni kiambishi cha mahali panapojulikana, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Kama amani haipo hapo, basi tuna kazi ya kufanya.